Dhahabu Pembeni mwa Shuka ya Mama

Sarafu iliyotolewa kwa ajili ya posa yangu haikugongwa ili inunue kitu. Jambo hilo nililielewa kwa usahihi miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimejifunza Kiajemi na kuzisoma sarafu za aina yake ndani ya makabati ya vioo. Lakini siku ile, katika nyumba ya mjomba wangu huko Kiwanjani, nje kidogo ya mji wa Isiolo, nililihisi kwa namna nyingine: kwa jinsi mikono ya mzee aliyeileta ilivyokuwa ikiishika.

Mzee huyo alikuwa baba wa kijana niliyetaka kuolewa naye. Alikuwa Mwislamu wa asili ya Kutch, magharibi mwa Bara Hindi, aliyekuja Isiolo akiwa na ndevu nyeusi na kuzeekea hapo, akiuza majani ya chai, sukari, shuka na taa za karabai katika duka lililotazamana na barabara kuu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mborana, binti wa mjane. Mwanawe ndiye aliyekuwa akiniuzia karatasi na wino, na sidhani kama kulikuwa na darasa lingine katika mji ule lililotumia wino mwingi kama langu.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, kaskazini mwa Kenya, mara baada ya uhuru. Sisi Waborana tunaiita Gaaf Daaba, wakati wa kusimamishwa, kwa sababu mifugo ilizuiwa isitembee na watu wakazuiwa wasihame, na mtu aliyezoea kufuata mvua alilazimika kuitazama ikinyesha mbali. Mama yangu alikuwa ametoka Biliqo akaja kukaa kwa kaka yake Kiwanjani. Ng'ombe wake hawakuwapo tena. Sitaeleza walivyokwisha, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kueleza. Alikuja na vyombo vyake vya maziwa vilivyosukwa kwa mizizi, amevifunga pamoja mgongoni kama mtu abebaye mtoto.

Kwa kuwa sote tulikuwa Waislamu, hapakuwa na kizuizi cha dini. Vizuizi vingine vilikuwepo, na mzee alikaa navyo muda mrefu kabla ya kukubali. Siku moja alimwambia mwanawe kwamba kama ni lazima, basi jambo lifanywe kama lilivyofanywa kwao tangu zamani. Alifungua sanduku lake la chuma, akatoa kitambaa cha hariri ya rangi ya zafarani, na ndani yake mlikuwa na ile sarafu.

Hapa napaswa kueleza kidogo. Katika dola za watawala wa Bara Hindi, mtu aliyekwenda mbele ya mtawala hakwenda mikono mitupu. Alipeleka dhahabu iliyoitwa nazrana, neno ambalo ni ndugu wa neno letu nadhiri. Sarafu za kawaida za sokoni zilikuwa vipande vidogo kuliko chuma kilichozigonga, hivyo sehemu ya maandishi ilibaki nje ya ukingo, na msomaji hulazimika kukisia jina lililokatika. Sarafu ya nazrana iligongwa juu ya bapa pana, ili kila herufi ipate nafasi yake na hata pambo la pembezoni lionekane. Ile ya mzee ilikuwa na maandishi ya Kiajemi upande mmoja, yakimtaja mfalme wa Delhi ambaye wakati huo hakuwa na nguvu hata juu ya Delhi yenyewe, na upande wa pili jina la mtawala wa Kutch kwa herufi za Kinagari. Ziligongwa chache, na nyingi kati ya hizo chache zimeishia katika chungu cha sonara.

Aliyetoa nazrana aliiweka juu ya kitambaa, akakitandaza kitambaa juu ya viganja vyake viwili, akainama. Mara nyingine mtawala aliichukua. Mara nyingine, akitaka kumtukuza mtoaji, aliigusa kwa ncha za vidole na kumwachia. Babu yake mzee, ambaye alikuwa fundi wa kuchonga milango, alipata heshima hiyo ya pili. Tangu siku hiyo ukoo wao uliifanya sarafu kuwa ya posa. Kijana wao alipotaka kuoa, mkubwa wa nyumba aliipeleka mbele ya mkubwa wa upande wa binti, naye aliigusa na kuiacha palepale juu ya hariri. Kugusa kulikuwa ndiko kukubali. Mama yake mzee aliposwa hivyo, na marehemu mke wake pia.

Haya yote mimi sikuyajua siku ya posa. Wala mama hakuyajua. Mzee hakuyaeleza, maana aliamini kwamba ishara iliyo wazi kiasi kile haihitaji mkalimani.

Walikuja alasiri, yeye na mwanawe, wakiwa na mafurushi ya kahawa na tumbaku ambayo mjomba wangu alikuwa amewashauri walete. Salamu zilipokwisha na mafurushi kuwekwa chini, mzee alivua viatu vyake, akapiga hatua hadi mkekani alipoketi mama, akainama kwa taabu ya magoti yake, akanyoosha viganja. Hariri iling'aa, na juu yake dhahabu.

"Dada," alisema mjomba kwa Kiborana, akidhani mama amelala na macho wazi, "mzee anakuonyesha dhahabu."

"Naona," alijibu mama. "Macho yangu hayakwenda na ng'ombe."

Aliichukua. Aliigeuza upande mmoja na wa pili, akasema bismillahi, akaiweka kwenye pembe ya shuka yake na kuifunga fundo, kisha juu ya fundo fundo jingine.

"Basi!" mjomba akapiga makofi. "Imeingia! Mzee, binti ni wako."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakapiga vigelegele. Mzee alibaki ameinama, mikono yake bado imenyooshwa, akikitazama kitambaa kitupu kama mtu aliyesahau neno katikati ya sala. Mwanawe alimshika kiwiko akamsaidia kuketi. Waliletewa kahawa kwa desturi yetu, buni nzima zilizokaangwa kwa samli, ambazo mtu huzitafuna. Mzee alitia moja mdomoni akaitafuna polepole sana, na nilidhani kwamba kinachomsumbua ni meno.

Yaliyomsumbua niliambiwa siku chache baadaye. Mchumba wangu alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akasimama kando ya dirisha la darasa langu bila kununua wala kuuza chochote.

"Baba hali chakula," alisema.

"Anaumwa?"

"Anasema marehemu babu yake anamwuliza sarafu iko wapi."

Ndipo akanieleza habari ya kugusa na kuacha, kama nilivyoieleza hapo juu, ila yeye aliieleza kwa haraka na aibu.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilidhani mnajua. Kwetu hata mtoto anajua."

"Na kwetu hata mtoto anajua kwamba posa ikirudishwa imekufa," nilimwambia. "Wenye binti wakifungua furushi la kahawa, wamekubali. Wakilirudisha, hata kwa maneno matamu, wamekataa. Mama angemwachia baba yako dhahabu ile mikononi mbele ya wale wanawake wote, leo mji mzima ungesema nimekataliwa au nimekataa. Hapangekuwa na harusi."

Watoto walikuwa wakipigana kwa vumbi nyuma yake.

"Sasa anataka kwenda kuiomba," alisema hatimaye.

"Mwambie asiende."

"Wewe umewahi kumwambia baba yangu asiende mahali?"

Sikuwa nimewahi. Nilirudi darasani nikafundisha somo la hesabu ambalo silikumbuki hata kidogo. Nilichoelewa ni hiki: siku mzee atakapofungua kinywa chake na kuiomba sarafu, mama atafungua fundo, kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kung'ang'ania kitu cha mtu. Atairudisha. Na akisha kuirudisha, atarudisha na kahawa, na tumbaku, na mimi nitakuwa mwalimu asiyekuwa na haja tena ya wino.

Mzee alikuja Ijumaa baada ya sala, akiwa amevaa koti lake jeusi ambalo nilikuwa nimeliona siku ya Idi tu. Alinikuta langoni mwa shule. Mama alijua Kiswahili cha sokoni tu na mzee alijua Kiswahili cha dukani, na ingawa mtu angedhani kwamba hizo ni lugha moja, wawili hao hawakuwahi kukutana ndani yake. Mkalimani alikuwa lazima awe mimi.

"Beti," aliniambia tukiwa njiani, akitumia neno lao la kumwita binti, "leo kila neno yangu wewe nasema. Na kila neno ya mama yako nasema. Hata moja usitupe."

"Ndiyo, mzee."

"Hata kama ni neno mbaya."

"Ndiyo, mzee."

Tulimkuta mama uani. Alikuwa ameshika kijinga cha mti wenye moshi mzuri, akikizungusha ndani ya chombo cha maziwa kama wafanyavyo wanawake wetu kukisafisha na kukitia harufu. Tulisalimiana, salaam aleikum, aleikum salaam, na mzee akapewa kigoda. Alitazama moshi ukitoka mdomoni mwa chombo.

"Mama yako nafanya nini?"

"Anafukiza chombo cha maziwa."

"Maziwa iko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa nafukiza ya nini?"

Nilisita, lakini nilikuwa nimeahidi. Nilimtafsiria mama, naye hakuinua kichwa.

"Mwambie chombo kisipofukizwa hukauka na kupasuka," alisema. "Ng'ombe wakija, nitawakamulia kwenye nini? Kwenye kofia yake?"

Nilitafsiri mpaka kofia. Mzee aliigusa kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa nilimwona akitabasamu. Kisha akajikaza, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza.

Alianza mbali. Alieleza habari za Kutch, nchi yake ya chumvi na upepo, na babu yake aliyechonga mlango wenye maua mengi kiasi kwamba mtawala alitaka kumwona mchongaji. Alieleza babu alivyokopa kilemba, alivyofunzwa kuinama, alivyotembea juu ya zulia akiogopa kulichafua. Alisimulia vizuri. Nilitafsiri sentensi moja baada ya nyingine, na kila sentensi ilinipeleka karibu na ile niliyoiogopa. Mama aliweka chombo chini asikilize.

"Huyo mfalme," aliuliza, "alikuwa na ng'ombe wengi?"

"Ng'ombe? Alikuwa na tembo!" alisema mzee.

"Tembo wanakamuliwa?"

"Hapana, mama. Napandwa."

"Basi alikuwa maskini. Mwambie aendelee."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaendelea. Alieleza hariri, viganja, sarafu. Hapo sauti yake ilishuka. Mfalme, alisema, aliitazama dhahabu, akamtazama babu, akanyoosha vidole, akaigusa. Halafu akamwachia.

Nilitafsiri: aliigusa, akamwachia.

Mama alishika kidevu.

"Alimrudishia?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote," alisema mzee kwa fahari, nami nikatafsiri, ila fahari haikuweza kuvuka.

"Maskini babu yake," alisema mama. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Na mtu ameazima kilemba! Alimkosea nini mfalme?"

Nilimtazama mzee. Alikuwa akingoja, kichwa amekiinamisha upande wangu. Nilimwambia kila neno, kama alivyotaka. Alifungua kinywa ili asahihishe, lakini mama alikuwa bado hajamaliza.

"Na baadaye? Baada ya babu, ilikwenda wapi?"

"Ilipelekwa kwa wazazi wa mama yake," nilimjibu, kwa kuwa hilo nililijua. "Wakaigusa wakaiacha. Kisha kwa wazazi wa mke wake. Nao vilevile."

Mama alimtazama mzee kwa muda, kama ninavyomkumbuka akiwatazama watu waliofika kisimani baada ya safari. Kisha alishika pembe ya shuka yake, pale penye mafundo mawili, akaifunika kwa kiganja.

"Mwambie sasa naelewa kwa nini alikuwa na huzuni siku ile. Alizoea kukataliwa. Kitu cha watu kimebebwa nyumba hadi nyumba miaka yote hiyo, na kila nyumba inakigusa na kukisukuma. Mwambie kwangu kimefika. Mimi sikumfanyia hivyo, na sitamfanyia. Binti ni wake."

Nimefanya kazi ya kutafsiri maandishi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijapata kutafsiri kitu kwa uangalifu kama nilivyotafsiri maneno hayo. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilipofika mwisho, mzee aliivua miwani yake, akaipangusa kwa kitambaa cha hariri alichokuwa amekuja nacho mfukoni, bila shaka kwa ajili ya kuifungia sarafu. Aliivaa. Akaivua tena.

"Beti," alisema polepole.

"Ndiyo, mzee."

"Ile neno nimekuja nayo..."

Nilingoja. Mama naye alingoja, akimtazama yeye na siyo mimi.

"Mwulize kama kahawa iko," alisema mzee.

Kahawa ilikuwepo, samli haikuwepo. Mama aliomba radhi kwa hilo, akazikaanga buni kavu, na mzee alizitafuna zote alizopewa kwa kelele kubwa, akisema ni nzuri, akisema kwao hakuna kama hii, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Mama aliniuliza kwa Kiborana mgeni alikuja kwa nini hasa. Nilimwuliza mzee. Alisema amekuja kusalimia.

Msomaji atataka kujua sarafu ilikwenda wapi, nami nitasema hapa ili nisilazimike kuikatiza habari yangu baadaye. Vita vilipokwisha na mifugo ikaruhusiwa kutembea, mama alifungua yale mafundo bila kumwuliza mtu, akampa dhahabu mfanyabiashara mmoja wa nyanda za juu, akapata mitamba. Hakuona kwamba ametenda jambo la kushangaza. Mimi niliposikia nililia, na alidhani nalia kwa furaha. Mzee, aliyekuwa bado hai, alipanda lori mpaka Gotu walikochungiwa, akawakagua wale mitamba mmoja mmoja, akarudi dukani akasema kwamba yule mwekundu ana kwato nzuri. Kila ninapofungua droo ya makumbusho yenye sarafu za Kutch naitafuta ile, kwa kuwa nakumbuka alama ndogo ya patasi iliyokuwa ukingoni mwake. Sijaiona, na huenda iliyeyushwa zamani. Wanangu walilelewa kwa maziwa ya uzao wa yule mwekundu.

Lakini nilikuwa nikisimulia Ijumaa ile. Jua lilikuwa limeshuka, na ilitubidi kurudi mjini, yeye dukani na mimi kwenye chumba changu cha shule, kabla ya kafyu, saa ya kutotoka nje. Mama alitusindikiza mpaka ukingo wa boma. Tulitembea bila kuzungumza. Mzee alikuwa amekunja mikono nyuma ya mgongo, na mara kwa mara alitikisa kichwa kama mtu anayebishana na wazee wasioonekana, akishindwa, na akikubali kushindwa.

Penye kizuizi cha barabara, askari kijana alimwonyesha mzee kwa mkono kwamba apite. Mimi aliniambia nisimame.

"Pasi."

Nilimpa barua yangu ya shule. Aliisoma, akaigeuza nyuma penye utupu, akausoma utupu pia.

"Hii ni ya kazi. Pasi ya kutembea iko wapi? Wewe Mborana?"

"Ndiyo, afande. Ni mwalimu hapa mjini."

"Simama kando."

Mzee alikuwa ameshapita. Alikuwa mtu mwenye hofu kubwa ya watu wenye bunduki. Tangu vita vianze hakuwahi kujibu swali la askari kwa zaidi ya ndiyo na hapana, na mwanawe alinihakikishia kwamba hata dukani, askari akiingia, mzee hujifanya anatafuta kitu chini ya meza. Sikumlaumu kwa kupita. Nilisimama kando, karibu na mapipa, nikaanza kupanga maneno yangu.

Nilisikia viatu vyake vikirudi juu ya kokoto.

"Huyu iko na mimi," alisema.

"Mzee, wewe endelea. Huyu ni mfanyakazi wako?"

"Hapana."

"Sasa ni nani kwako?"

Alichukua muda. Nilidhani anatafuta neno la Kiswahili, kwa maana neno mchumba wa mwanangu lilikuwa refu na gumu kwake.

"Binti yangu," alisema.

Askari alimtazama, akanitazama, akamtazama tena.

"Mhindi anazaa Mborana?"

"Wewe nauliza, mimi najibu. Binti yangu. Mwalimu. Kama yeye nakaa hapa, mimi nakaa hapa." Na pale pale, na koti lake la Idi, akajishusha kwa taabu ya magoti juu ya jiwe lililokuwa kando ya barabara, akaweka mikono yake mapajani, akatazama mbele.

Askari alijaribu kubaki mkali. Mwenzake aliyekuwa akipika uji nyuma ya magunia alikuwa ameshaanza kucheka.

"Haya, mzee, inuka," alisema yule kijana hatimaye, akinirudishia barua. "Chukua binti yako. Kesho aende ofisini atafute pasi."

Nilimshika kiwiko nikamwinua. Koti lilikuwa limejaa vumbi pindoni, nami nikampangusa kwa kiganja, kitu ambacho nisingethubutu kukifanya asubuhi ya siku hiyo. Hakunizuia. Tulipofika mahali ambapo paa za maduka zinaanza kuonekana, alisafisha koo lake.

"Nikaha tunafanya kabla ya mvua," alisema. "Mwambie mama yako. Nyumba yangu bati navuja, hapana taka aibu na wageni."

"Nitamwambia, baba."

"Na Jumapili nakuja tena kusalimia," alisema, "wewe natafsiri."